Ngozi Motoni, Nyuzi Zilizolegea

Mzee hakuipiga kwanza. Aliilaza ngoma ubavu mchangani, akarundika makuti makavu hatua moja kutoka kwenye ngozi, akawasha, akavuta kigoda akakaa. Moto wa makuti hauna subira: unaruka, unalamba, unakufa. Kila ulipokufa aliongeza makuti, akaizungusha ngoma robo, akaigonga kwa kidole kimoja na kutega sikio. Bu. Akatikisa kichwa. Makuti mengine. Bu tena, ila safari hii ilikuwa na ukingo kidogo, kama mtu anayeanza kusafisha koo.

"Bado sana, babu?" nilimuuliza. Jua lilikuwa linazama na wapigaji wenzake walishaketi.

"Mpaka iseme yenyewe, njomba."

Hapo ni upande wa Kilambo, kusini ya Mtwara mjini, kule watu wanakosubiri kivuko kwenda Msumbiji. Ruvuma ikishaisikia bahari haina haraka tena. Inatawanyika, inaacha visiwa vya mchanga, inaingia kwenye mikoko, na hewa yote inakuwa na maji ndani yake. Ngozi ya mbuzi iliyokaza vizuri saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni imelegea kama mdomo wa mtu asiye na meno. Kwa hiyo huku hakuna anayeanza ngoma bila moto. Mgeni huona kuwa watu wanapoteza muda. Mimi mwenyewe niliona hivyo miaka mingi, na nimezaliwa Mtwara.

Kilichonibadilisha, kwa kweli, ni kaseti ya Waingereza. Lakini nimalize kwanza habari ya mzee.

Ngoma za Kimakonde hazipigwi moja. Zinakaa kama familia, na majina yake hubadilika ukivuka vijiji viwili vitatu. Iko chinganga, ndogo, yenye mguu uliochongwa ncha kama kigingi. Unauchomeka ardhini, unapiga kwa vijiti viwili vyembamba, na tangu hapo husimami. Chinganga ndiyo saa ya ngoma nzima. Haipambi, haichezi, haimwangalii mtu usoni. Kisha wanakuja wakubwa, likuti na ntoji, ambao ndio wanaosema, wanaouliza, wanaomwita mchezaji atoke. Watu wengi wa bara wanaijua sindimba kwa kiuno, maana baada ya uhuru ilipelekwa majukwaani na mashuleni na kiuno ndicho kilichosafiri. Masikio yangu yamebaki kwenye chinganga.

Mchana wa siku ile mzee alikuwa akiwamba ngoma nyingine, mpya, na hapo nilikaa karibu kuliko nilivyowahi kukaa. Gogo lilikuwa limeshachimbwa kwa tezo na patasi ndefu. Hakulipima kwa futi. Aliligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, hapa, kisha shibiri moja chini, kisha upande wa pili, na mahali palipojibu kwa sauti nene alirudisha patasi ndani akaparua kidogo, vumbi la mti likamwagika magotini. Akagonga tena. Alifanya hivyo mpaka nikaacha kuhesabu. Ngozi ilikuwa imelala ndani ya maji usiku kucha, laini kama kitambaa, na bado ina harufu ya mbuzi.

Akaifunika mdomo wa ngoma na kuanza kupigilia vigingi. Kigingi cha kwanza upande wa kifua chake. Cha pili hakukiweka jirani. Alikipeleka upande wa pili kabisa, uso kwa uso na cha kwanza. Cha tatu kushoto, cha nne kulia. Nikamuuliza kwa nini harudi na duara. Akacheka. "Hujasikia kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake?"

Methali hiyo nimeisikia tangu darasa la pili, na siku zote niliichukua kuwa ni habari ya watu wenye choyo. Kumbe ni onyo la fundi. Ukiivuta ngozi kwako tu, upande wako unakaza na upande wa mbali unabaki na tumbo, na ngoma inakuwa na sauti mbili zinazogombana. Hakuna moto utakaoipatanisha. Mpiga drams yeyote wa bendi za mjini hukaza skrubu zake hivyo hivyo, msalaba kwa msalaba, na wengi hawajui kwamba kuna methali inayowasimamia.

Sasa kaseti. Mjomba wangu mmoja alikuwa baharia, na katika miaka ya tisini aliacha nyumbani kwetu boksi la kanda alizokusanya bandarini. Nyingi zilikuwa za rege na za Kikongo. Moja haikuwa na picha wala gamba, imeandikwa kwa kalamu ya wino maneno mawili tu: Diamond Head. Redio yetu ilikuwa na tabia ya kutafuna kanda, kwa hiyo ile nayo ilitafunwa, nikairudisha kwa kuzungusha kalamu ya Bic kwenye tundu lake, ikatafunwa tena. Nadhani niliisikiliza miezi mitatu kabla ya kuipenda. Mama aliita kelele za karakana. Hakukosea sana, nitaeleza.

Muziki huo wenyewe wanauita hevi metali, chuma kizito, na asili yake inaanzia kwenye ajali ya kiwandani. Mwaka 1965, mjini Birmingham, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa kwenye siku yake ya mwisho ya kazi katika kiwanda cha mabati. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwenye gitaa yeye ni shoto, maana yake mkono huo ndio uliokuwa unabana nyuzi. Watu walimwambia basi. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaifinyanga kuwa vifuniko vya vidole, akavivika ngozi aliyoikata kwenye koti kuukuu. Ngozi tena, unaona. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu mno kwa vidole vya namna hiyo, akatafuta nyembamba, na miaka michache baadaye, yeye na bendi yake walipofika albamu ya tatu ya mwaka 1971, akaanza kuzilegeza kabisa, chini ya pale wapigaji wote wanapozifunga. Uzi ukilegea sauti hushuka. Ikishuka hunenepa. Ule mngurumo ambao vijana wa dunia nzima wameuiga baadaye ulianza na mtu aliyekuwa anatafuta namna ya kutoumia.

Bendi yake, Black Sabbath, ilirekodi albamu yake ya kwanza London kwa siku moja tu, Oktoba 1969, ikatoka Februari 1970. Siku moja! Walipiga kama walivyokuwa wakipiga kwenye vilabu, fundi mitambo akabonyeza, wakaondoka. Hao ni maarufu, hawanihitaji. Ninaowapenda ni waliokuja miaka kumi baadaye, wale wadogo ambao majina yao hayakufika mbali, na hasa albamu zao za kwanza, kabla mtu mwenye fedha hajaja kuwaambia wafanye nini.

Diamond Head walikuwa vijana wanne wa Stourbridge, mji mdogo magharibi ya Birmingham. Mwaka 1980 hakuna kampuni iliyowataka. Wakaenda kurekodi wenyewe katika studio ya mkoani iliyoitwa The Old Smithy, jina lenye maana ya karakana ya mhunzi ya zamani. Mama yangu, kwa hiyo, alikuwa amesikia vizuri. Wakachapa nakala 1,000, ganda jeupe tupu, halina jina la bendi wala la albamu, na kila nakala ikatiwa saini ya mmoja wao. Nilipokuja kuujua ukweli huu, miaka baada ya kaseti kufa, nilifurahi kuliko inavyostahili mtu mzima. Ile kanda tupu ya mjomba haikuwa na kasoro. Ilifanana na mama yake.

Kwenye albamu hiyo kuna wimbo unaoitwa Am I Evil?, na ningependa fundi wa Kilambo ausikie siku moja. Unaanza na ngoma na gitaa vikipiga pigo moja kwa pamoja, kama askari wa gwaride, polepole mno. Halafu vinanyamaza, gitaa la Brian Tatler linakimbia peke yake kidogo, kisha linaingia lile ambalo wenyewe huliita rifu: kipande kifupi cha gitaa kinachorudi na kurudi, ndicho nguzo ya nyumba. Rifu hiyo mtoto wa shule anaweza kujifunza kwa mchana mmoja. Asichoweza kujifunza kwa mchana mmoja ni nafasi iliyoachwa kati ya pigo na pigo. Mpiga drams, Duncan Scott, haijazi. Angeweza kuijaza, mikono anayo. Anaiacha wazi mpaka msikilizaji anaegemea mbele, na pigo linalofuata linamkuta ameshaegemea. Uzito wote uko hapo. Mbele zaidi ya nusu, wimbo unaongeza mwendo, kama ngoma yetu inavyofanya mchezaji akishaingia uwanjani, na wakati huo umesubiri kiasi kwamba mwili wako unaona ni haki yako.

Kijana mmoja wa Kidenmaki aliyekuwa akiishi California, Lars Ulrich, aliipata albamu ile, akapanda ndege mwaka 1981 kuwafuata Uingereza na kulala nyumbani kwao. Mwaka huo huo alianzisha bendi, Metallica, na mwaka 1984 wakaurekodi wimbo huo. Metallica wakajaza viwanja. Mkanda mama wa albamu ile ya kwanza ya Diamond Head ulitumwa Ujerumani na ukakaa miaka mingi haujulikani ulipo. Wenyewe walipata kampuni kubwa, wakafika albamu ya tatu mwaka 1983 wakiwa na vyombo vingi na mawazo mengi, na nakala za mwanzo zikatoka na kasoro, sindano ikawa inaruka. Mwaka 1985 bendi ikavunjika. Nimeisikiliza albamu hiyo ya tatu mara nyingi kwa nia njema. Nyimbo zina akili. Ngozi imevutwa upande mmoja.

Mji huo huo wa Stourbridge ulitoa Witchfinder General, albamu ya kwanza Death Penalty, mwaka 1982. Jalada lake ni la kipuuzi na sitamshauri mtu aliache sebuleni mbele ya wakwe. Mwimbaji anafika kwenye noti kwa bahati. Lakini gitaa linatembea kama ng'ombe anayeteremka mlima wa Makonde kwenda kunywa maji, kila hatua inapimwa, na kwa ajili ya mwendo huo nimewasamehe mengi.

Kaskazini, Newcastle na vitongoji vyake, mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Lebo ya Neat ilikuwa Wallsend, mji wa wajenga meli, na hapo ndugu wawili wa bendi ya Raven walitoa yao ya kwanza mwaka 1981, na bendi ya Satan wakatoa Court in the Act mwaka 1983. Msomaji asiogope jina. Nyimbo zenyewe ni za vijana wanaoshindana na saa. Kwa Satan magitaa mawili yanafukuzana kwa namna ambayo ukisikiliza mara ya kwanza ni fujo na mara ya tano ni mkeka, kila ukindu unapita juu ya mwenzake na kurudi chini. Nadhani watu wa bandarini wana sikio la chuma. Sisi pia.

Maana chuma cha Mwingereza Mtwara tumewahi kukiona. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, na kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikatuchimbia bandari ya kina na kututandikia reli. Karanga zilikataa. Miaka ya mwanzo ya uhuru reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mtwara mjini tunayo kata inayoitwa Reli mpaka leo, na hakuna treni. Bandari, angalau, ilibaki ikisubiri korosho.

Mtu ataniuliza: na sisi je, hatukuwa na wetu? Tulikuwa nao, na habari yao inaniuma kidogo. Dar es Salaam ilipopiga marufuku muziki wa soul mwaka 1969, vijana waliokuwa wakipenda gitaa la umeme lenye makwaruzo hawakupotea. Mwaka 1970 ikaundwa hapo hapo Dar bendi iitwayo Sunburst, wanamuziki kutoka nchi zaidi ya moja, mwimbaji wao James Mpungo. Walichanganya roki, soul na ngoma za nyumbani, wakauita mtindo wao Kitoto. Mwaka 1973 walirekodi Radio Tanzania. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na aliyetaka santuri alitazama Nairobi au kwingineko. Sunburst walielekea Zambia, ambako wakati huo roki ilikuwa imechemka, na huko mwaka 1976 wakatoa albamu yao ya kwanza, Ave Africa. Ikawa pia ya mwisho.

Isikilize kwa spika nzuri. Kinanda cha umeme kinakoroma kama jenereta la jirani, gitaa lina kutu ya makusudi, na chini yake drams zimefanya kitu ambacho vijana wa Stourbridge walikuja kukifikia kwa njia yao miaka minne baadaye: zimekataa kuharakisha. Mpungo naye hashindani na gitaa. Anangoja lipite, ndipo anaingia. Siyo hevi metali, na sitaki kuipaka rangi isiyo yake. Ni nyepesi zaidi kiunoni. Lakini mtu aliyelelewa na chinganga anamtambua mwenzake akiwa hata gizani. Mwaka 2016 lebo ya Strut iliitoa upya pamoja na zile rekodi za Radio Tanzania na santuri ndogo za bendi hiyo, na hivyo ndivyo mimi, mtu wa Mtwara, nilivyokuja kuisikia bendi ya Dar es Salaam: miaka arobaini baadaye, kwenye simu.

Kusini kwetu tulibaki tukitoa majina. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilibeba Kilwa kifuani, lakini makao yake na maikrofoni zake vilikuwa Dar es Salaam. Anayeishi kilomita zaidi ya 500 kutoka studio hujifunza kupigia masikio ya watu walio mbele yake tu.

Nirudi Kilambo. Moto ulikuwa umewashwa mara ya sita au ya saba. Mzee aliigonga ngoma katikati, kisha vidole vinne kutoka ukingoni, kisha ukingoni kabisa, na kwa mara ya kwanza sauti tatu zilikuwa za mtu mmoja. Kijana wake akataka kuongeza makuti ili ilie zaidi. Mzee akauweka mguu juu ya makuti. Ngoma ikilia sana hupasuka, na ngozi ya kuwamba upya inataka mbuzi mwingine. Akaisimamisha, akaifuta majivu kwa kiganja kama anayemfuta mtoto uso, akamtazama wa chinganga. Vile vijiti viwili vikaanza.

Wakapiga labda dakika ishirini. Hewa ya mto ikaingia tena kwenye ngozi, likuti akaanza kupiga bu. Hawakuendelea kwa kubahatisha. Walisimama, wachezaji wakakaa chini wakinywa maji, na ngoma zikarudishwa ubavu mbele ya moto, zote pamoja safari hii, kama watu wanaoota baridi. Nilitoa simu nikarekodi mapigo. Nilipofika nyumbani nikagundua nimefanya kosa: nilizima simu kila waliposimama, nikawasha walipoanza. Ninazo ngoma. Moto sina, wala kidole cha mzee, wala ile bu ikipanda hatua kwa hatua.

Kwa hiyo ombi langu kwako unayepita njia hiyo kwenda kivukoni, na simu yako ina chaji: ukikuta ngoma zimelazwa ubavu na makuti yanawaka, salimia, omba ruhusa, uanze kurekodi hapo hapo. Na usizime.